Je, wajua kwa nini mwezi wa ukutani hauwi mwezi mpaka umulikwe ubavuni?

Mwezi wangu wa kwanza wa ukutani, yaani pambo la ubao wa mviringo lenye sura ya mwezi, niliutengenezea hapahapa Lamu, na sikuunyima kitu: mashimo, vilima, rangi ya kijivu. Nikautundika, nikaelekeza taa usoni pake, nikawasha. Mpwa wangu akautazama kidogo, akauliza: "Mjomba, huu ni mkate wa mofa?" Hakukosea. Mashimo yote yalikuwa yamepotea.

Kosa halikuwa kwenye mashimo, lilikuwa kwenye taa. Simama bandarini usiku wa mwezi mpevu uone unavyochomoza upande wa kisiwa cha Manda: mviringo mzuri, lakini bapa kama sahani. Usiku ule jua liko nyuma yetu, linaumulika mwezi usoni, kwa hiyo vivuli vinajificha nyuma ya vitu vyenyewe. Ungoje kama siku saba, ubaki nusu, kisha utazame kwa darubini ule mstari unaotenganisha mwanga na giza. Hapo jua linapita chinichini, kila ukingo unatupa kivuli kirefu, na mashimo yanakuwa mashimo. Galileo, mwanaastronomia wa Italia, aligundua hivyohivyo mwaka 1609: aliona vidoa vya mwanga ndani ya sehemu yenye giza, akaelewa kuwa ni vilele vya milima vilivyotangulia kupata jua.

Mafundi wa zamani wa Lamu walilijua hili bila darubini. Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za nyumba za mawe, zile za karne ya 18, zimechongwa kwa chokaa nyeupe juu ya ukuta mweupe, bila rangi ya kuzitofautisha. Nakshi zake husomeka kwa vivuli tu, kwa sababu mwanga huingia ndani kutoka kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, ukishuka kwa mshazari. Ziwashie taa ya simu uso kwa uso, nakshi zinafifia.

Sasa turudi kwenye ubao wetu. Chukua plaiwudi ya mviringo yenye kipenyo cha sentimita 60 (mpe seremala aikate, msumeno wa mkono utakutesa). Mwezi wenyewe una kipenyo cha kilomita 3,474, hivyo sentimita moja ya ubao ni kama kilomita 58. Tycho, lile shimo lenye miale mirefu upande wa kusini, lina upana wa kilomita 85, yaani sentimita moja na nusu. Ila kina chake hakifiki kilomita 5. Kwenye ubao hiyo haifiki hata milimita moja! Ukifuata vipimo vya kweli utapata kitu laini kama meza. Kwa hiyo lazima uzidishe kimo: paka tabaka la milimita 4, uruhusu kingo ziinuke hadi milimita 3. Mwanga ukipita kwa pembe ya nyuzi 10, ukingo wa milimita 3 hutupa kivuli cha karibu sentimita 1.7. Hapo jicho linaamini.

Kwa udongo wa mwezi mimi hutumia jasi, ile poda nyeupe ya dari. Chokaa ya matumbawe ingependeza kwa heshima ya mji, lakini hukauka polepole mno na huunguza ngozi. Paka plaiwudi gundi nyeupe ya seremala kwanza, la sivyo mbao itanyonya maji yote na jasi itabanduka. Nyunyiza poda juu ya maji, usimwage maji juu ya poda, maana utapata madonge. Tia gundi kidogo humo pia. Ikianza kushika, una dakika chache tu: gandamiza kifuniko cha soda, kifuniko cha kalamu, ncha ya kidole, na udondoshe kokoto kutoka juu ili zirushe kingo zenyewe. Acha mabaka mapana bila mashimo mengi. Hizo ndizo zinazoitwa bahari za mwezi, ingawa hazina tone la maji. Ni lava iliyoganda.

Kuhusu rangi, usiogope giza. Mwezi hurudisha takriban asilimia 12 tu ya mwanga unaoupata, kama lami kuukuu. Tunauona mweupe kwa kuwa umezungukwa na weusi. Anza na kijivu kizito, kisha pitisha brashi kavu yenye nyeupe kidogo juu ya kingo.

Picha nyingi utakazoona huweka utepe wa taa za LED nyuma ya ubao. Duara la mwanga hutokea ukutani, sawa, lakini uso wa mwezi unabaki mweusi kama jua lililopatwa. Mimi nilikata kipande cha ndoo kuukuu ya plastiki, upana wa sentimita 3, nikakipigilia kwenye ukingo na kubandika utepe wa volti 12 kwa ndani, uangaze kando ya uso. Theluthi ya mzingo inatosha, kama sentimita 63. Utepe ukatwe kwenye alama zake tu. Ubao wenyewe uache nafasi ya vidole viwili na ukuta, maana kuta za mawe ya matumbawe hutoa jasho la chumvi, na jasi haipatani na unyevu.

Mwanzoni niliuweka mwanga kushoto, kama nilivyoona pichani. Ukawa hilali iliyosimama wima, ya Ulaya. Kwetu, karibu na ikweta, mwezi mwandamo hulala chali kama dau. Nikauzungusha robo, mwanga ukaja chini, mpwa wangu akaacha kuutaja mkate. Waya wa adapta tu ndio unaoning'inia vibaya, na bado sijapata pa kuuficha.