Kabla hujashea posta ya chuo, na kabla hujauliza mbona picha yako iko pale

Tangu tuanze kutangaza inteki ya Septemba, simu ya ofisi yetu ya mawasiliano inalia zaidi kwa malalamiko kuliko kwa watu wanaouliza kozi. Mengi ni jambo lile lile likija na nguo tofauti: mbona posta ya tangazo yasema hivi na nyinyi mwasema vile, mbona mlimpiga mwanangu picha, mbona logo imebadilika. Nimeona bora niandike mara moja vile sisi chuo cha jamii tunavyoamua nini kiende kwa posta na nini kisiende, maana wengi wanadhani ni kijana mmoja tu amekaa na laptop anachora.

Nianze na ile posta iliyozunguka kwenye magrupu ya Kisauni na Likoni hapa Mombasa, yenye "upishi, umeme, ubaharia, kazi uhakika bandarini". Haikutoka kwetu. Logo ni yetu kweli, imekatwa kwenye posta ya zamani, lakini namba ya simu si yetu na kozi ya ubaharia hatuna, hatujawahi kuwa nayo, na mafunzo ya ubaharia yana msimamizi wake ambaye ni Mamlaka ya Bahari, KMA, si chuo chochote tu kinaamka asubuhi na kuanza kufundisha. Waliotuma pesa ya fomu kwa ile namba, pole sana, lakini M-Pesa inakuonyesha jina la mtu kabla pesa haijaenda. Ukiona jina la mtu binafsi kwa malipo ya chuo simama hapo hapo.

Sasa posta halali inapitia wapi. Mkuu wa idara anaandika kozi anazotaka zitangazwe. Karatasi inaenda kwa msajili, anaziangalia moja moja akilinganisha na kibali cha TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, kwa sababu kuna leseni ya chuo na kuna kibali cha kila kozi, na hivi ni vitu viwili, nawaomba mshike hapa: chuo kuwa na leseni hakumaanishi kila kozi iliyoko kwa bango lake imekubaliwa. Baada ya msajili inaenda kwa mhasibu kuhakiki karo, halafu kwa mwalimu mkuu kusaini, ndo ije kwangu, na mimi naweza kuirudisha nyuma pia. Safari hiyo yote ni siku tano za kazi. Mkuu wa idara akiniletea Alhamisi jioni akitaka bango liwe Mwembe Tayari Jumamosi simfanyii, tushagombana kuhusu hilo na tutagombana tena. Na bango la barabarani lina ada yake ya kaunti, usipolipa linang'olewa na hurudishiwi hata vyuma.

Kwa nini hatuandiki "kazi uhakika"? Nimeulizwa hili na wazazi, na walimu wetu wenyewe pia, wakisema chuo cha jirani kinaandika na kinajaza darasa. Sheria ya kumlinda mtumiaji ya 2012 inakataza kumdanganya mteja kuhusu huduma unayomuuzia, na mwanafunzi anayelipa karo ni mteja. Kuna vijana wetu wamepata atachimenti bandarini, wapo na hotelini Nyali na Bamburi, lakini atachimenti ni miezi mitatu ya kujifunza na wala haikufungi wewe wala mwajiri. Nikiandika kazi nitakuwa nimekuuzia kitu kisicho changu. Kama ungependa kusikia uongo mtamu, mabango ya kuusoma yako mengi kutoka Buxton mpaka Changamwe.

Haya, picha. Hapa nitakaa kidogo.

Watu wawili wamenijia wiki moja kwa hasira ile ile, lakini majibu niliyowapa ni tofauti kabisa. Wa kwanza ni mama wa kijana wa miaka 16 anayesomea ufundi wa magari, akakuta sura ya mwanawe kwa peji yetu ya Facebook akiwa chini ya gari. Mama ana haki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema mtoto chini ya miaka 18 ruhusa yake inatoka kwa mzazi au mlezi, na sisi tulikuwa na saini ya kijana peke yake. Tuliitoa siku ile ile na tukamwomba radhi. Wa pili ni baba wa msichana wa miaka 20 wa kozi ya upishi, akitaka picha ya bintiye itolewe, na binti mwenyewe alishasaini na hataki itolewe. Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo mwenye ruhusa ni binti. Nilimweleza, akanywa maji, akaondoka hajaridhika, na nafahamu kwa nini, mambo ya stara na familia huku kwetu si madogo. Ndo maana kwenye fomu yetu mpya tumeweka swali la kama unataka sura ionekane au mikono tu ikifanya kazi. Mikono inatosha sana, picha nzuri kuliko zote tuliyonayo ni ya mikono inakanda unga wa mahamri.

Wengine wanasema "si ni picha tu". Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data, ODPC, ilipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo kilabu kimoja kikapigwa 1,850,000 kwa picha ya mteja wake. Faini inaweza kufika milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, ile iliyo ndogo. Ukilalamika ODPC wana siku 90 kumaliza uchunguzi. Ukishasaini na ukabadilisha mawazo unaruhusiwa, unaandika barua au baruapepe na tunaiondoa mtandaoni, ila vipeperushi vilivyokwisha chapishwa na kugawiwa hatuwezi kwenda kuvikusanya nyumba kwa nyumba Mtopanga, sheria yenyewe inakubali kwamba kilichofanyika kabla hujaondoa ruhusa kilifanyika kihalali. Na hii inawahusu na nyinyi wanafunzi mnaoposti wenzenu kwa stetasi mkiwa na yunifomu yetu, halafu likizuka jambo chuo ndicho kinachoulizwa.

Kuhusu jina, hatubadilishi. Kuna waliopendekeza tuongeze "International", na mmoja alitaka tuweke "University" kabisa, neno ambalo huwezi kulitumia bila idhini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Angalieni Tudor pale, chuo kilianza na jina la MIOME (Mombasa Institute of Muslim Education), kikawa Mombasa Polytechnic 1972, 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, 2013 ndo TUM, Technical University of Mombasa. Kila jina lilikuja baada ya kazi kubadilika, na bado kuna wazee wakikuelekeza watakwambia "shuka Poly". Sisi kazi yetu haijabadilika, tunafundisha ufundi. Logo tumeisafisha tu, tumetoa jahazi, kwa sababu Pwani nzima kila mtu ana jahazi, mnazi au zile pembe za ndovu za Moi Avenue, na kwa umbali wa matatu huwezi kujua kama ni chuo au hoteli au chama cha kukopa.

Na matangazo ya redio tutaendelea nayo, ingawa vijana wanacheka. Kijana huchagua kozi TikTok, lakini anayelipa karo ni mamake aliyeko sokoni Kongowea na redio kando ya mizani.

Waliopigwa picha mahafali yaliyopita na hawakusaini chochote: fomu ziko kwa dada wa mapokezi, Jumatatu mpaka Ijumaa, saa mbili mpaka saa kumi, Ijumaa tunafunga saa sita kwa swala na kurudi saa nane. Njoo na kitambulisho chako, na kama hujafika miaka 18 njoo na mzazi, si na kaka, si na jirani, mzazi au mlezi. Ambaye hatakuja mpaka mwisho wa mwezi sura yake tutaifuta kwenye albamu yote, hata kama ni yeye aliyekuwa akipokea zawadi.