Kwa nini simba dume huua watoto wasio wake

Kila inaposambaa mtandaoni video ya simba dume akiua watoto wa simba, maswali hutufikia kwa wingi. Ana kichaa? Ana njaa? Wapo wanaosema magari ya watalii yamewavuruga wanyama. La hasha. Dume huyo ni mzima, na anachofanya ni sehemu ya maisha ya kawaida ya simba.

Simba wa Serengeti wanafuatiliwa na watafiti tangu 1966, George Schaller alipoanza kazi hiyo. Kuanzia 1978 Craig Packer na Anne Pusey waliiendeleza kwa miaka mingi, kila simba akitambuliwa kwa vidoadoa vilivyo kwenye mizizi ya sharubu zake. Kumbukumbu hizo zinaonyesha kwamba majike wa kundi moja ni ukoo mmoja: mama na binti, dada, mama wadogo, na wengi huzeekea walikozaliwa. Madume ni wa kuja. Hulishika kundi kwa miaka miwili au mitatu hivi, kisha hung'olewa na wenye nguvu kuwazidi. Hao wapya wakishaingia, watoto wachanga wanaowakuta huuawa na wale wakubwa kidogo hufukuzwa. Takribani robo ya vifo vya watoto wa simba katika mwaka wa kwanza hutokana na hilo.

Siri iko kwenye muda. Jike anayelea hapandwi tena mpaka watoto wake wafikishe mwaka mmoja na nusu au zaidi. Akipoteza watoto wote, huwa tayari kupandwa baada ya siku au wiki chache, na mimba huchukua kama siku 110 tu. Dume mvumilivu, anayengoja watoto wa mwenzake wakue, ana hatari ya kung'olewa kabla watoto wake mwenyewe hawajaweza kujitegemea. Simba hapigi hesabu hii kichwani. Ni kwamba madume waliozaliwa na silka ya kuua waliacha uzao mwingi kuliko wavumilivu, na uzao huo ukarithi vinasaba vyao, kizazi baada ya kizazi.

Zamani ilizoeleka kusema kwamba wanyama hutenda mambo kwa faida ya spishi yao. Kwa mtazamo wangu, hakuna mnyama anayeibomoa hoja hiyo vizuri kuliko simba. Kuua watoto wenye afya hakuwaongezi simba duniani hata mmoja.

Lakini muuaji huyohuyo hujitosa kupigana, hata kufa, pamoja na madume wenzake. Mwaka 1964 mwanabiolojia Mwingereza W. D. Hamilton alionyesha jinsi kujitolea kunavyoweza kuenea. Ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki, kwa wastani, nusu ya vinasaba vinavyorithiwa. Binamu, sehemu moja ya nane. Chukua faida anayopata ndugu, izidishe kwa kiwango hicho cha undugu. Ikizidi hasara ya anayesaidia, kinasaba cha kusaidia kitaenea, hata kama msaidizi mwenyewe hakuacha mtoto.

Vipimo vya DNA vilivyochapishwa 1991 vililikuta hilo Serengeti. Madume wanapoungana wengi, baadhi yao hawapati watoto karibu kabisa, wanabaki kuwa walinzi tu. Miungano mikubwa ya namna hiyo ni ya ndugu watupu. Simba wasio na undugu huungana pia, ila wawili au watatu, ambapo kila mmoja ana nafasi nzuri ya kuzaa.

Majike nao wana mambo yao. Wanaozaa kwa wakati mmoja hulea pamoja na hata kunyonyesheana, picha inayopendwa sana na wapiga picha. Ukikaa ukatazama kwa makini, kila mama hutanguliza wake, na mtoto wa mwenzake mara nyingi hudoea ziwa mama akiwa amelala. Kwenye ulinzi wa eneo wamo pia wanaokwepa kazi. Watafiti walipocheza kwa kipaza sauti ngurumo za majike wageni, wengine walitangulia mbele na wengine wakajikokota nyuma, na waliotangulia hawakuwaadhibu.

Msomaji asiruke kutoka hapa hadi kwa baba wa kambo. Binadamu hulea watoto wasio wao kila siku, na wana sheria, dini na mila zinazogeuza tabia ndani ya kizazi kimoja. Kujua chanzo cha silka ya simba hakumhalalishii mtu lolote.

Panapotuhusu moja kwa moja ni kwenye uwindaji wa kitalii. Ukimpiga dume mwenye kundi, unawafungulia mlango madume wapya, na watoto wake nao huenda wakafa. Ndiyo maana utafiti wa 2004 ulipendekeza wapigwe tu wenye miaka sita au zaidi, ambao kwa kawaida wamekwisha kukuza uzao, na Tanzania baadaye ikaweka kikomo hicho cha umri. Umri husomeka puani. Pua ya simba kijana ni ya waridi, hujaa madoa meusi kadiri anavyokua, na akifika miaka mitano hivi nusu yake huwa imeshakuwa nyeusi.