Kabla ya Kupanda Msitu Mjini, Tafuta Msitu Uliokuwapo

Watu wanaotaka kuotesha msitu mnene kwenye uwanja wa shule au nyuma ya ofisi huniuliza kwanza nafasi ya kuacha kati ya mche na mche. Jibu lake ni fupi: kwa mbinu ya mwanabotania Mjapani Akira Miyawaki (1928–2021), hupandwa takribani miche mitatu kwa kila mita ya mraba, hivyo kiwanja cha mita za mraba 100 huhitaji miche ipatayo 300. Swali ninalotamani waanze nalo ni jingine: lau watu wasingejenga hapa, ungeota msitu gani?

Miyawaki alijifunza kuuliza hivyo Ujerumani, kwa mtaalamu wa uoto Reinhold Tüxen, na aliporejea Japani akapata jibu katika misitu midogo inayozunguka mahekalu ya kale, iliyosalimika kwa sababu ya heshima ya kidini. Pwani yetu inazo kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, zilizolindwa kwa miiko ya wazee na kuingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, mfano wa karibu ni mabaki ya msitu wa Pugu. Huko ndiko tunakopaswa kwenda na daftari kabla ya kununua mche wowote, tuandike miti mirefu, ya kati, midogo na vichaka, kwa kuwa msitu ni matabaka yote hayo kwa pamoja. Mvule, mkongo na msandarusi ni wenyeji wa misitu ya pwani. Mwarobaini, pamoja na kivuli chake kizuri, ulitoka Asia, na kuubananisha hakuufanyi kuwa msitu wa asili.

Udongo nao unadai kazi kubwa. Viwanja vya mjini vimeshindiliwa na magari na kujazwa kifusi. Ukichimba shimo, ukalijaza maji na ukayakuta kesho yake bado yametuama, ujue mizizi haitapita hapo. Tunaufukua udongo, tunauchanganya na samadi, mboji na makumbi ya nazi, kisha tunapanda bila mistari, miche ya aina moja isikae pamoja, na kufunika ardhi kwa matandazo mazito. Msongamano huifanya miche ishindanie mwanga na kukimbilia juu, na kivuli chake kikishafunga, magugu hukosa nguvu. Kumwagilia na kupalilia huendelea kwa miaka miwili hadi mitatu, kisha msitu huachwa ujitegemee.

Simshauri mtu wa Dodoma aige haya, kwa sababu uoto wa nchi kame una uwazi wake, na kuulazimisha uwe msitu mnene ni kupoteza maji. Kwa wa pwani, tatizo hasa ni miche: vitalu vingi huuza miti ya mapambo na ya matunda. Anzeni kuokota mbegu mapema, zile nyeusi za mkongo zenye kikofia chekundu zikiwamo, na mzioteshe wenyewe kabla hata ya kupima kiwanja.