Mtumishi Mwenye Ulemavu: Maandalizi Yaanze Kabla ya Barua ya Ajira

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Halmashauri yenye watumishi 2,000 inapaswa kuwa nao 60. Hesabu hiyo ni nyepesi. Kinachokwamisha ni taratibu ndogondogo zinazomwangusha mwombaji mwenye sifa kabla hajaulizwa hata swali moja la taaluma yake.

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwahimiza waombaji wenye ulemavu kuomba na kueleza hali yao kwenye mfumo. Wapo wanaoificha wakihofia kubaguliwa. Hofu hiyo inaeleweka, lakini asipoieleza, kiziwi atafika kwenye usaili na kukuta hakuna mkalimani wa lugha ya alama, na anayetumia kiti mwendo atakuta chumba kiko ghorofani. Ukiitwa, wasiliana mapema na waandaaji utaje unachohitaji hasa. Kusema "nina uoni hafifu" hakutoshi. Sema unahitaji maandishi yenye ukubwa wa pointi 18, au kompyuta yenye kisomaji skrini (programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini), au nukta nundu (maandishi yanayosomwa kwa vidole). Si kila asiyeona anasoma nukta nundu.

Kwa jopo la usaili: mtazame msailiwa, usimtazame mkalimani, na maswali yaelekezwe kwake. Usaili ukiwa mrefu, waandae wakalimani wawili wapokezane kila baada ya dakika 20 hadi 30, kwani anayechoka huanza kuruka maneno na anayepoteza alama ni msailiwa. Vigezo navyo viangaliwe upya. Kudai leseni ya udereva kwa kazi ya kutunza kumbukumbu ni kumfungia mtu mlango bila sababu.

Baada ya ajira huja kipindi cha majaribio cha miezi 12, na hapa ndipo tunapopoteza watu wazuri. Chukua mfano wa afisa asiyeona aliyepangiwa kushughulikia majalada. Barua zinazoingia huskaniwa kama picha, na kisomaji skrini hakioni herufi ndani ya picha, kinanyamaza tu. Afisa analazimika kumwomba jirani amsomee, kazi inachelewa, na msimamizi anaandika kuwa ni mzito. Tiba yake ni nafuu: masijala waskani kwa programu inayotambua maandishi, na barua za ndani zitumwe zikiwa faili la maandishi. Kisomaji skrini kiitwacho NVDA kinapatikana bure, ingawa Kiswahili kinahitaji sauti inayokimudu, la sivyo maneno husomwa kwa matamshi ya Kiingereza na hayaeleweki.

Jambo zito zaidi ni nywila. Kama mfumo wa kazi hausomeki kwa kisomaji skrini, mtumishi humpa mwenzake nywila amjazie taarifa zake. Kosa likitokea, jina lake ndilo litakaloonekana. Afisa TEHAMA aujaribu mfumo kwa kibodi pekee, bila kipanya, kabla mtumishi hajaripoti.

Vifaa viwekwe kwenye bajeti mapema. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na maandalizi yake hufanyika miezi mingi kabla. Mtumishi aliyeripoti Agosti na mahitaji yake hayakupangwa anaweza kumaliza majaribio bila kifaa, kisha akapimwa sawa na aliyekuwa nacho.

Kwa majengo, njia ya mteremko ya kiti mwendo inahitaji urefu wa sentimita 12 kwa kila sentimita 1 ya kimo, hivyo ngazi zenye kimo cha jumla cha sentimita 30 zinadai njia ya mita 3.6. Ubao ulioegemezwa kwenye ngazi ni hatari. Mtumishi mwenye ualbino asipangiwe kazi ya juani kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, na meza yake isitazame dirisha lenye mwanga mkali.

Uhamisho nao una mtego wake. Kompyuta iliyoandaliwa kwa ajili ya mtumishi ni mali ya taasisi, hivyo hubaki kituo cha zamani, na yeye huanza upya mikono mitupu. Afisa utumishi anayemhamisha aandike orodha ya vifaa na mahitaji yake, aitume kituo kipya pamoja na jalada lake binafsi, na wakubaliane ama kuhamisha vifaa hivyo rasmi ama kununua vingine kabla ya tarehe ya kuripoti.