Le Mans ya zamani: sifa zisizo zake na sifa zake halisi

Wapenzi wa magari ya zamani tukianza kuzikumbuka mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, hadithi huchanua kupita ukweli. Mimi nayapenda magari yale kwa dhati, ndiyo maana nataka yasifiwe kwa yale yaliyotokea.

Dhana: Porsche 917 ilizaliwa bingwa.

Ilizaliwa mkorofi. Mwaka 1969 madereva waliiogopa. Kwenye Hunaudières, barabara iliyonyooka karibu kilomita 6, mkia wake ulikuwa ukiyumba kama mashua iliyopoteza usukani. Oktoba mwaka huohuo timu ya John Wyer, iliyopewa kazi ya kuikimbiza 917 mbioni, ilikwenda kuijaribu Zeltweg, Austria. Walirekebisha hiki na kile, gari likabaki lilelile. Ndipo mhandisi John Horsman akaona jambo dogo: bodi ya mbele imejaa usubi waliopondeka, lakini mabawa ya mkiani ni masafi. Kama usubi hawafiki kule, upepo nao haufiki, na kama upepo haufiki hakuna cha kuukandamiza mkia chini. Mafundi wakakata bati la alumini palepale, wakaunga mkia mpya, mfupi, uliopandishwa juu. Gari likatulia. Mwaka 1970, kwenye mvua kubwa, Hans Herrmann na Richard Attwood, wakipokezana usukani, wakaipa Porsche ushindi wake wa kwanza wa jumla (wa kushinda magari ya madaraja yote) Le Mans. Magari 51 yalianza. Yaliyoorodheshwa mwishoni ni 7 tu.

Dhana: kule kuanza kwa kukimbilia magari kulikuwa raha tupu.

Kwa mtazamaji, ndiyo: madereva upande huu wa barabara, magari upande ule, bendera ikishuka wanatimka. Lakini mikanda ya usalama ilipoingia, anayetaka kuondoka mapema aliondoka bila kuifunga. Mwaka 1969 Jacky Ickx aligoma kukimbia. Alitembea hadi kwenye Ford GT40 yake, akafunga mkanda kwa utulivu, akaondoka wa mwisho. Katika mzunguko huohuo wa kwanza Mwingereza John Woolfe, aliyekuwa kwenye 917, alipata ajali akafariki. Hakuwa amefunga mkanda. Siku ya pili yake Ickx na Jackie Oliver walishinda kwa tofauti ya takribani mita 120, baada ya saa 24 nzima. Mwaka uliofuata madereva walianza wakiwa wameketi, mikanda imefungwa. Anayetamani mtindo ule urudi, namsihi amkumbuke Woolfe.

Dhana: magari ya zamani yalikuwa ya polepole.

Mwaka 1971 Helmut Marko na Gijs van Lennep walikwenda kilomita 5,335, na rekodi hiyo haikuvunjwa hadi 2010. Ni kweli barabara yenyewe ilibadilishwa baadaye, na mwaka 1990 Hunaudières ikawekewa kona mbili za kupunguza kasi. Hata hivyo, miaka 39!

Dhana: zilikuwa mbio za wanaume watupu.

Odette Siko alimaliza wa 4 kwa jumla mwaka 1932, kwa Alfa Romeo.

Dhana: shujaa ni yule anayekanyaga mafuta bila kupumzika.

Mbio hizi zilishindwa na waliojua kutunza: kubadilisha gia taratibu, kuzionea huruma breki, kumwachia mwenzako usukani kabla hujachoka. Mwaka 1952 Mfaransa Pierre Levegh, kwenye Talbot, alikataa kumpisha mwenzake. Aliendesha peke yake usiku kucha, asubuhi yote, akiongoza kwa mizunguko kadhaa. Ilipobaki kama saa moja, injini ikavunjika. Mercedes mbili zikachukua nafasi ya kwanza na ya pili.

Mwaka 1955 Levegh alirudi Le Mans akiendesha Mercedes. Gari lake liligonga jingine mbele ya majukwaa, likaruka na kuvunjikavunjika, vipande vikaingia kwa watazamaji. Alikufa yeye, na pamoja naye watu zaidi ya 80.