Loki ya difu haizuii lori kuteleza
Masika yakianza Pemba, dereva wa gari la mchanga huambiwa: "Funga difu tangu chini ya kilima, hutoteleza." Si kweli kwenye udongo wa mfinyanzi, wala kwenye theluji ya Ulaya.

Difu ni gia za kwenye ekseli zinazoyaruhusu matairi ya kushoto na kulia kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona; loki ndiyo huifunga. Difu ikiwa wazi, tairi lililo kwenye utelezi huzunguka bure na la pili hukosa nguvu. Loki huyalazimisha yote mawili kuzunguka sawa, basi. Haisaidii breki wala usukani. Tena njia ikilalia upande, matairi yote mawili yakipoteza mshiko kwa pamoja, nyuma ya gari huteremka mtaroni.

Ifunge kabla hujakwama: simama au nenda mwendo wa kutembea, toa mguu kwenye mafuta, bonyeza swichi, subiri taa ya loki iwake. Lori la ekseli mbili za kuvuta, anza na loki ya kati ya ekseli, ile inayozilazimisha ekseli hizo mbili kuzunguka sawa. Mara nyingi hiyo yatosha. Ukifunga tairi likizunguka kwa kasi, meno ya loki hukatika, au shafti (na hiyo huitengenezi kando ya njia).

Ifungue kabla ya kona. Taa ikikataa kuzima, meno yamebanwa: achia mafuta, sogea taratibu, cheza na usukani kidogo kulia na kushoto.