Kusomea uhandisi si kuchagua kazi

Wiki iliyopita mama mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, alikuja na mwanawe wa mwaka wa nne. "Mwalimu," akaniambia, "huyu ashachagua. Anasomea umeme, si atafanya kazi ya umeme? Wewe mtafutie tu pa kuingilia." Kijana ameinamisha kichwa, anachokora ukucha. Maneno hayo nayasikia kwa wazazi, kwa wanafunzi, hata kwa wahadhiri, na nimechoka kuyajibu mmoja mmoja.

Dhana: aliyesomea uhandisi ameshachagua kazi

Hajachagua. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 uliwauliza wanafunzi wa uhandisi wa vyuo viwili waliokuwa mwaka wa mwisho. Asilimia 42 tu ndio waliosema kwa yakini kwamba watafanya kazi ya uhandisi. Asilimia 44 hawakuwa na hakika, na 14 walisema hapana. Na hao walikuwa wamekwisha kupita hesabu zote na maabara zote! Huko si Mombasa, lakini sababu walizozitaja nazijua vizuri: atachimenti moja (mafunzo ya vitendo mahali pa kazi), au mazungumzo na mhadhiri mmoja, au kumkosa wa kuzungumza naye, kulitosha kumgeuza mtu.

Nina wasichana wawili wanaosomea uhandisi wa mitambo, alama zao sawasawa. Mmoja alifanya atachimenti penye gudi la kutengenezea meli. Siku ya tatu injinia alimwita chini ya meli, akampa vibamba vya kupimia nafasi kati ya shafti ya rafadha (mhimili unaozungusha panga la meli) na beringi inayoushikilia, akamwambia, "Pima wewe, mimi naandika." Daftari lake ninalikumbuka hadi leo. Vipimo vinne, juu, chini, kulia na kushoto, na pembeni kwa penseli: "Mbona juu ni pana zaidi?" Jibu alilipata kesho yake: shafti kwa uzito wake hula beringi upande wa chini, basi nafasi hufunguka juu. Sasa hataki kusikia kazi nyingine isipokuwa ya meli.

Mwenzake alikaa wiki kumi na mbili katika kampuni moja akitoa fotokopi na kutumwa chai. Daftari lake: "Nilisaidia ofisini," ukurasa baada ya ukurasa, na kila wiki muhuri juu yake. Yeye anaomba kazi benki. Nyumbani wanasema amepotea. Mimi nasema hakuna aliyemwonyesha njia, kisha analaumiwa kwa kutoijua.

Lent, Brown na Hackett, waliotoa nadharia yao ya uchaguzi wa kazi mwaka 1994, walilipa uzito mkubwa jambo hili: mtu huelekea kwenye kazi anayoamini ataiweza na anayotarajia itamlipa kwa namna anayoithamini. Na imani ya kuweza hujengwa zaidi kwa kufanya jambo kwa mikono yako likakubali. Muhuri haujengi imani hiyo.

Kwa hivyo nawaomba, wanangu: mnapotafuta atachimenti msitafute jina la kampuni, tafuteni mtu. Kabla hujapeleka barua, uliza nani atakusimamia, na mwanafunzi wa mwaka jana aligusa kazi gani kwa mikono yake. Ukishaingia, kila jioni andika jambo moja ambalo hukulielewa. Moja tu, lakini kila jioni.

Dhana: vijana hufuata mshahara tu

Mshahara una uzito, hasa kwa kijana anayesubiriwa na wadogo zake wanaohitaji karo. Lakini nikikaa nao faragha, wengi hutaja kwanza mtu: mjomba mwenye karakana, mwalimu wa fizikia, jirani aliyewaruhusu kufungua redio.

Dhana: Mombasa kazi ya injinia ni bandarini

Bandari ni kubwa, lakini tazameni Bamburi kwenye saruji, Kipevu kwenye umeme, Miritini kwenye reli. Na hoteli! Hoteli kubwa ya Nyali ina jenereta, boila, mitambo ya kupoza hewa, pampu na maji taka, vyote chini ya idara moja. Anayeanzia hapo hujifunza mengi upesi, na wanafunzi wangu hawapiti hata mlangoni kuuliza.

Dhana: wasichana hawapendi saiti

Someni tena habari za gudini hapo juu.

Dhana: ukipata digrii wewe ni injinia

Kwa Sheria ya Wahandisi ya 2011, unasajiliwa kwanza na Bodi ya Wahandisi ya Kenya kama mhitimu, kisha unahitaji angalau miaka mitatu ya kazi ndipo uombe usajili kamili. Kwa hivyo ukipewa kazi ya kwanza, uliza kama pale pana mhandisi aliyesajiliwa atakayekusimamia. Swali hili ningeliweka mbele ya swali la mshahara.

Yule kijana wa Kisauni nilimuuliza, mamake akiwa nje: siku gani ulifurahi? Akainua kichwa. Alisema ni siku aliyoandika programu ya kuwasha pampu mbili za maji kwa zamu, na moja ilipozimwa makusudi, nyingine ikashika yenyewe. Aliisimulia kwa mikono miwili. Jumatatu anakwenda Changamwe kushinda na injinia wa mitambo inayojiendesha. Mama ameniuliza kama huo bado ni umeme. Nimemwambia ndio, na nimemwomba amuulize mwanawe amweleze zile pampu.